“Daktari hataki kukata, keshakata tamaa”: mume wangu ana saratani na ameniapisha nisiseme

BARUA

Mama Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 37, mama wa watoto watatu. Mume wangu ana miaka 44, ni seremala mwenye karakana yake. Naomba usitaje jina langu popote, maana haya ninayokuandikia hayajulikani nje ya chumba chetu, na hata humo chumbani siku hizi hatuyasemi.

Yalianza na sikio la kushoto. Alilalamika kwamba limeziba na analisikia likivuma usiku. Likasafishwa, halikuzibuka. Baadaye tukaambiwa kuna maji nyuma ya ngoma ya sikio, akapewa dawa. Watoto wakazoea kukaa upande wake wa kulia wakitaka kumsemesha. Halafu nikaanza kuona leso zake. Kila asubuhi akipenga kuna michirizi ya damu, si damu ya kuchuruzika, ni ile iliyochanganyika na makamasi, na mara nyingine anaivuta kooni anaitema. Akasema ni vumbi la mbao. Nikakubali, fundi gani hana vumbi puani?

Kilichotushtua ni uvimbe shingoni, chini ya sikio hilohilo. Hauumi hata ukiubonyeza. Akaanzishiwa dawa za TB ya tezi. Akazimeza bila kuruka hata siku, uvimbe ukazidi, na ukatokea mwingine mdogo upande wa pili. Ndipo tukapelekwa kwa daktari wa masikio, pua na koo. Yeye alipitisha kamera nyembamba puani, akanyamaza, akamwita mwenzake naye aangalie. Wakachukua kinyama. Majibu yalikuja kwamba ni saratani ya sehemu ya juu kabisa ya koo, nyuma ya pua. Akapigwa picha za MRI na vipimo vingine, tukaambiwa imeingia kwenye tezi za shingo pande zote mbili lakini haijafika mapafuni, wala kwenye ini, wala kwenye mifupa. Hatua ya tatu.

Daktari akasema, “Hii hatuikati. Utatibiwa kwa mionzi na kemo, yaani dawa za kuua saratani.” Akaeleza mengine mengi, mimi nikawa naitikia kwa kichwa. Mume wangu nadhani hakusikia chochote baada ya hapo. Tulipotoka nje aliniambia maneno ambayo hayanitoki: “Ukiona daktari hataki kukata, ujue keshakata tamaa.”

Tangu siku hiyo mambo matatu yamenivuruga.

La kwanza, anataka tiba isubiri. Ana kazi kubwa ya madawati ya shule, amepokea malipo ya mwanzo na ameshayatumia kununua mbao. Anasema hawezi kufa akiwa na deni la watu. Nikimwambia tupange tarehe ya mionzi ananijibu, “Nikikabidhi madawati tutaongea.” Halafu anarudi karakana.

La pili, alisoma kwenye simu kwamba kansa hii inatokana na kirusi kinachokaa kwenye mate. Kesho yake nikakuta kikombe chake amekifunga uzi mwekundu kwenye mkono. Taulo amelitenga. Analala sebuleni, anawaambia watoto mgongo unamuuma hivyo anataka godoro gumu. Mtoto wetu wa mwisho amezoea kumalizia chakula kwenye sahani ya baba yake. Sasa akisogea anasukumwa. Nami hajanibusu. Sijui anatulinda au anajizoesha kuondoka.

La tatu ndilo linalonitesa zaidi. Ameniapisha nisimwambie mama yake wala kaka yake. Mama mkwe alimzika mdogo wao mwaka juzi, na mume wangu anasema habari hii itamuua. Kaka yake ndiye aliyemlea tangu baba yao alipofariki na ndiye aliyemfundisha ufundi. Hunipigia simu karibu kila jioni kuuliza, “Shemeji, sikio linaendeleaje?” Nami namjibu linaendelea vizuri. Huyu ni mtu ambaye angeweza kusimamia yale madawati hata kesho, na angekuwa mtu wa kwanza kumburuta mdogo wake hospitali. Nikimwambia, nimevunja kiapo kwa mume mgonjwa. Nisipomwambia na mambo yakaharibika, nitawatazamaje msibani?

Kuna usiku nakasirika, namwona mbinafsi. Kuna usiku nafikiri labda ana haki, kama kweli hakuna tiba basi aachwe amalize kazi yake kwa heshima. Nisaidie, mama. Nivunje kiapo? Nimlazimishe? Au nikae naye kimya hivihivi mpaka mwisho?

Mke wa Fundi

JAWABU

Marahaba, mwanangu.

Umeniuliza kuhusu kiapo, na kiapo tutakifikia. Lakini kila nikirudia barua yako naona kwamba madawati, kikombe na kiapo vyote vimejengwa juu ya sentensi moja aliyoitamka mume wako mkiwa mmetoka kwa daktari. Anaamini ameshaachwa. Mtu anayeamini hivyo ana kila sababu ya kulipa madeni, kuwatenga watoto na kumficha mama yake. Na wewe mwenyewe, kwenye zile usiku za pili ulizozitaja, umeanza kuiamini. Kwa hiyo niruhusu nianze hapo. Mimi si daktari; ya kitabibu nitakayoyasema ni yale ambayo wataalamu wa saratani hawabishani juu yake, na yanayomhusu yeye hasa mtayathibitisha kwa daktari wake.

Pale nyuma ya pua, juu ya kilimi, pana njia panda. Hewa ya puani inapita hapo kuteremka kooni, na kutoka kila upande mrija mwembamba unapanda kwenda sikioni. Kitaalamu panaitwa nasofarinksi. Saratani ya hapo mara nyingi huanzia kwenye kijishimo kilicho kando ya mdomo wa mrija huo. Ikikua kidogo tu, mrija unaziba na maji yanakusanyika nyuma ya ngoma ya sikio. Ndiyo maana fundi wako alianza kuumwa sikio wakati ugonjwa uko kwingine. Na kwa kuwa eneo hilo lina njia nyingi za kupeleka majimaji kwenye tezi za shingo, uvimbe wa shingoni usiouma ndio dalili inayowaleta wengi hospitali, mara nyingi wakati chanzo chenyewe bado ni kidogo na hakionekani mtu akifungua mdomo.

Sasa tazama majirani wa eneo hilo. Juu yake ni sakafu ya fuvu. Pembeni inapita mishipa mikubwa inayopeleka damu kwenye ubongo, na neva za macho, za uso na za kumeza. Mpasuaji akitaka kuikata saratani hapo pamoja na ukingo salama wa nyama nzima, hana nafasi. Kwa bahati, saratani nyingi za aina hii ni laini mbele ya mionzi. Inayeyuka kwa mionzi kuliko saratani nyingi nyingine za kichwa na shingo. Hivyo tangu mwanzo, hata kwa mtu aliyegundulika katika hatua ya kwanza kabisa, tiba inayochaguliwa ni mionzi. Upasuaji huwekwa akiba, kwa mfano uvimbe wa shingo ukibaki baada ya tiba, au ugonjwa ukirudi ukiwa mdogo. Daktari aliposema “hii hatuikati” alikuwa anaeleza tiba ya kawaida ya ugonjwa huu. Kwa seremala, mtu ambaye maisha yake yote kasoro huondolewa kwa msumeno, naelewa kwa nini ilisikika vingine.

Hatua ya tatu ni nzito, sitaki kuipaka rangi. Wanaoanza tiba katika hatua za mwanzo, zaidi ya wanane kati ya kumi huwa hai miaka mitano baadaye, na kadiri hatua inavyopanda idadi hiyo inapungua. Lakini ugonjwa ulioishia kwenye tezi za shingo, bila kuruka kwenda mapafuni, kwenye ini au mifupa, hutibiwa kwa lengo la kuponya. Kuna maneno mawili ambayo hospitali huyatenganisha: tiba ya kuponya na tiba ya kupunguza mateso. Ningependa mume wako amsikie daktari wake akitamka mojawapo kwa kinywa chake. Nina mashaka kama swali hilo limewahi kuulizwa.

Kuhusu muda uliopotea kwenye sikio na TB, mnisamehe wote wawili kwa kusema jambo ambalo huenda halifariji: ndivyo inavyokwenda kwa wagonjwa wengi. Ni saratani adimu. Mwaka 2020 ilikadiriwa watu kama 133,000 duniani kote waligundulika nayo, chini ya mmoja katika kila wagonjwa mia wapya wa saratani. Wengi wako kusini mwa China na Kusini-Mashariki mwa Asia. Afrika Kaskazini wapo, Afrika Mashariki wapo, na hata kule kwenye barafu za Greenland. Wanaume huugua mara mbili hadi tatu zaidi ya wanawake. Mhudumu wa afya anaweza kufanya kazi miaka mingi bila kukutana nayo, ilhali sikio lililoziba na tezi za TB anaziona kila wiki. Natamani hata hivyo kila anayesoma hapa akumbuke hili: mtu mzima mwenye maji kwenye sikio moja yasiyoisha, au uvimbe wa shingo usiouma unaodumu wiki kadhaa, aombe kuangaliwa nyuma ya pua kwa kamera.

Sasa kile kikombe.

Kirusi alichosoma mume wako kinaitwa Epstein-Barr. Kiligunduliwa mwaka 1964 huko London, katika uvimbe wa taya za watoto uliosafirishwa kutoka Uganda, na baadaye kikaonekana kuhusiana pia na saratani hii ya nyuma ya pua. Ni kweli kinapitia kwenye mate. Kilichokosekana kwenye simu yake, au alichokiruka kwa hofu, ni kwamba zaidi ya watu tisa kati ya kumi duniani wanacho wakifika utu uzima. Wengi hukipata utotoni, kwa kubusiwa na kula pamoja, na hawaugui chochote cha kukumbuka. Kinabaki mwilini kimelala maisha yote. Yaani wewe karibu hakika unacho, mimi pia, na yule daktari aliyeshika kamera. Kwa wachache sana, kirusi hicho kikikutana na mambo mengine, ikiwemo asili ya kuzaliwa nayo, mazingira na pengine vyakula fulani, ndipo seli zinapogeuka. Saratani yenyewe haiambukizi, haivuki kwa busu, kikombe, taulo wala kitanda. Uzi mwekundu haumkingi mtu yeyote ndani ya nyumba yenu.

Kwa kweli akianza kemo mambo yatageuka: yeye ndiye atakayehitaji kulindwa na mafua yenu, kwa sababu kinga yake itashuka. Na kwa siku mbili hivi baada ya kila dripu, wauguzi watawaelekeza namna ya kushughulika na matapishi, mkojo na tendo la ndoa, kwa ajili ya dawa iliyo mwilini. Hayo ni ya muda na yana sababu yake. Lakini kumsukuma mtoto kwenye sahani leo, hapana, hakuna anachokinga.

Umeandika kwamba hujui anawalinda au anajizoesha kuondoka. Huenda ni vyote viwili, na huenda hajui kama inawezekana kuviacha. Sidhani nianze kukupa maneno ya kumwambia, unamjua kuliko mimi. Ila mara nyingine mke akirudisha godoro chumbani na kunywa kwenye kikombe kilichofungwa uzi mbele ya mumewe, anakuwa amejibu swali ambalo mwanamume asingeweza kuliuliza kwa mdomo. Wengine wangechukizwa na hilo, wakaona ni mzaha juu ya hofu yao. Utapima.

Kuna jambo moja hujalitaja nami nalihisi lipo. Aliposema “ni vumbi la mbao”, je, sasa anajilaumu? Vumbi la mbao limo kwenye orodha ya visababishi vya saratani hii inayotunzwa na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, pamoja na tumbaku, kemikali ya fomaldehaidi inayopatikana kwenye baadhi ya gundi za mbao, na samaki wa chumvi wa mtindo wa Kichina. Mafundi maelfu wanavuta vumbi hilo maisha yao yote na hawaugui. Kwa mtu mmoja hakuna kipimo kinachoweza kusema ni hili au lile. Akijilaumu, usimwambie vumbi halina neno, maana atajua unamdanganya. Vijana wake wa karakana wavae barakoa zinazobana vizuri, madirisha yawe wazi. Hilo ni la kushughulikia kwa ajili yao, si la kumhukumia yeye.

Turudi kwenye madawati. Hapa nakuomba uende taratibu kabla ya kumwita mbinafsi. Mtu aliyenyang'anywa kila kitu na sentensi moja ameshikilia kitu ambacho bado anakiweza. Lakini tuyatazame madawati kama kazi, maana ni kazi. Amebakiza mangapi? Yanahitaji mkono wake mwenyewe au jicho lake tu? Mwenye shule akielezwa kwamba fundi anaingia kwenye matibabu, atasema nini hasa? Huenda akasogeza tarehe. Huenda akadai fedha zake. Hilo nalo ni bora kulijua mapema. Kati ya majibu na mionzi ya kwanza huwa kuna wiki za maandalizi kwa vyovyote vile, kwa hiyo “kuanza tiba” na “kumaliza kazi” si lazima vigombanie siku zilezile. Kinachoweza kuwaumiza ni kutokuweka tarehe kabisa. Saratani hii ikikaa bila tiba inaweza kupanda kwenye sakafu ya fuvu, ndipo mtu anaanza kuona kitu kimoja viwili, au uso unakufa ganzi upande mmoja. Ukiona dalili hizo, au maumivu makali ya kichwa, usisubiri dawati wala kikao cha ukoo. Hapo ni hospitali siku hiyohiyo.

Asije akafikiri pia kwamba ataanza mionzi huku akipiga randa kama kawaida na kukosa siku mbili tatu kazi ikibana. Kwa kawaida ni siku tano kwa wiki, kwa muda wa kama wiki saba. Kukatizwa katikati kunapunguza nguvu ya tiba. Ikiwa lazima achague, ni heri siku chache za kupanga kabla kuliko mapengo baada ya kuanza, na hata hizo siku chache daktari wa mionzi ndiye aseme ni ngapi.

Nikueleze zitakavyokuwa wiki hizo, kwa sababu zinahusu kiapo chako.

Kwanza atatengenezewa barakoa. Ni bamba la plastiki lenye matundu, linalainishwa kwenye maji ya moto, linatandazwa juu ya uso na mabega akiwa amelala chali, na ndani ya dakika chache linaganda kwa umbo lake. Kila siku ya mionzi litafungwa kwenye meza ili kichwa kisisogee hata kidogo, kwa kuwa mashine inalenga kwa vipimo vya milimita. Anapumua vizuri, lakini kama ni mtu wa kuogopa kubanwa, aseme mapema, wataalamu wana namna ya kumzoesha. Nadhani fundi ataipenda ile kazi ya vipimo. Mionzi yenyewe haiumi.

Maumivu yanakuja baadaye, kuanzia kama wiki ya pili au ya tatu. Mdomo unakauka, mate yanakuwa mazito, vidonda vinatokea, chakula kinapoteza ladha. Ngozi ya shingo inakuwa nyeusi na kubabuka. Uzito unashuka, na wengine huwekewa mpira wa kulishia kwa muda. Dawa ya kemo inayotumika sana, sisplatini, inaleta kichefuchefu na inaweza kugusa figo na masikio, kwa hiyo hupimwa damu mara kwa mara; na kwa mtu ambaye sikio moja tayari halisikii vizuri, ombeni usikivu upimwe kabla. Wengine huanza na kemo pekee kwa mizunguko kadhaa kabla ya mionzi. Kama mngependa mtoto mwingine, hilo nalo liulizwe mapema, kwa sababu dawa zinaweza kuathiri mbegu. Miezi kadhaa baada ya tiba wengi hurudi kwenye kula na kazi, ingawa ukavu wa mdomo unaweza kubaki, na tezi ya thairoidi iliyopo shingoni inaweza kulegea miaka baadaye, ndiyo maana wanaendelea kuipima.

Sasa nieleze, mwanangu: siri ya namna hiyo itafichwa wapi? Shemeji akija atakuta mdogo wake amekonda, shingo imeiva, hawezi kumeza uji. Utasema ni sikio? Kiapo alichokupa kinawezekana tu kama hatatibiwa. Labda hilo ndilo la kumwambia kwanza, bila hasira. Humtishi kwamba utasema. Unamwonyesha kwamba tiba yenyewe itasema.

Ukivunja kiapo kimyakimya ukampigia kaka yake, unaweza kupata msaada wa haraka, na madawati yakakamilika. Unaweza pia kumpoteza mume wako pale ambapo unamhitaji zaidi, yaani akakufungia mlango wewe uliye mtu pekee aliyemruhusu kujua. Mgonjwa ana haki na habari za mwili wake, hata akizitumia vibaya. Ukiendelea kukishika kiapo kama kilivyo, unabaki ukidanganya kila jioni, na ujue siku habari zitakapotoka shemeji atakumbuka kila “linaendelea vizuri”. Kuna njia ya katikati inayowafaa wengine: unamwambia mumeo kwamba hutatangaza, lakini pia hutadanganya tena. Kaka akiuliza, utamwambia, “Muulize mwenyewe.” Kaka aliyemlea mtu hatahitaji kuambiwa mara mbili. Njia hiyo nayo ina ukali wake, inamsukuma mume wako bila kumshika mkono, na ni afadhali aijue kabla simu haijalia kuliko kuisikia ukiitamka.

Au umwombe achague mtu mmoja. Si lazima awe kaka. Anaweza kuwa rafiki wa karakana au kiongozi wake wa dini, yeyote ambaye atakaa naye siku ambazo wewe una watoto. Mtu akishamwambia mmoja, wa pili huwa mwepesi zaidi.

Kuhusu mama mkwe, mume wako anasema habari itamuua. Anaweza kuwa anamjua vizuri. Ila mama huyo ameshazika mtoto, na wengi waliopitia hayo wanasema kilichowauma zaidi ni kugundua walifichwa wakati bado walikuwa na nafasi ya kukaa na mgonjwa. Pia kuna tofauti kubwa kati ya kumpelekea mama neno “kansa” peke yake, na kumpelekea neno hilo pamoja na tarehe ya kuanza tiba. Wanaweza kukubaliana asubiri mpaka tarehe ipatikane. Sijui mama wa kwenu yukoje, nakuachia.

Watoto wako, kwa kuwa najua utawaza: saratani hii katika maeneo yenye wagonjwa wengi huonekana zaidi ndani ya familia moja. Mtajeni historia hii kwa daktari wao wakikua. Hakuna la kuwapima leo.

Na wewe je? Barua nzima sikuona mahali ulipomwambia mtu yeyote kwamba unaogopa, hata yeye. Unamuuliza tarehe, naye anakujibu madawati. Labda siku moja usiulize tarehe.

Kama yote haya ni mengi mno kwa wiki moja, kuna jambo ambalo halimlazimu aamue chochote: aende kwa daktari wa meno. Kabla ya mionzi ya kichwa na shingo, meno mabovu hutibiwa au kung'olewa na kuachwa yapone, kwa sababu baada ya mionzi mfupa wa taya huponea kwa shida sana na jino linaloweza kung'olewa leo kwa urahisi litakuwa mtihani. Anaweza kwenda huku akiendelea kusema bado hajakubali mionzi, huku madawati yakiendelea. Mwende pamoja. Na mkipita kwa daktari wa saratani kuchukua barua ya kwenda huko, mmoja wenu, yeyote atakayeweza kulitoa mdomoni, amuulize lile swali: “Mnatibu ili apone, au ili asiteseke?” Kisha mkae mpaka amalize kujibu.